Godoro la Mguu Mwekundu

Wakubwa wa shamba letu wana dawa moja kwa kila ugonjwa: kumtafuta mnyonge na kumtwika. Nimewafanyia kazi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, nawajua. Mfereji ukipasuka, mchimbaji ni mzembe. Panya wakiingia ghalani, mlinzi ndiye aliyewafungulia. Mke wangu alipoharibika kifua kwa kusimama majini msimu baada ya msimu, waliniambia gari la ofisi halibebi wagonjwa, viti vimetoka kushonwa upya. Akafia nyumbani, juu ya godoro alilolishona kwa mkono wake.

Basi msimu huu gugu lilipofunika majaruba ya mpunga, nilijua wazi kuwa ofisi itatafuta mtu. Niliomba tu mtu huyo asiwe mimi.

Mimi ni mnyapara wa palizi. Natembea kwenye kingo za majaruba, wapaliliaji wameinama majini, nami natazama wanachong'oa na wanachoacha. Wananiita Macho, maana zamani nilikuwa nasimama ukingoni naliona gugu katikati ya mpunga kama mama anavyomwona mwanawe katikati ya watoto wa watu.

Gugu lenyewe tunaliita mguu mwekundu. Likiwa changa ni pacha wa mpunga: jani lile lile, kijani kile kile. Ila chini kabisa, pale shina linapozama topeni, lina wekundu kana kwamba limechovya mguu kwenye rangi. Shule sikufika nayo mbali, lakini kanuni ya palizi niliitunga mwenyewe, na kila mpaliliaji mpya nilimkaririsha mpaka akaiota usingizini. Shika shina, tazama mguu; mwekundu ng'oa, mweupe acha. Wanawake wa palizi walikuwa wakiniigiza nikipita. "Mwekundu?" mmoja anapaza sauti. "Ng'oa!" wanaitika wote, halafu wanacheka mpaka maji yanatikisika.

Msimu huu walipalilia kama kawaida, na kusema kweli cha kung'oa kilikuwa kidogo. Nikajisifu. Mpunga ukakua, ukabeba mimba, masuke yakatoka. Ndipo nilipoona. Kati ya masuke ya mpunga yanayoinama kwa adabu yalisimama mengine, magumu, yenye vipunje vyeusi na vinywele vya kuwasha. Niliingia majini na viatu vyangu. Nikashika shina, nikatazama mguu. Mweupe. Nikashika lingine. Mweupe. Nikavuruga tope mpaka katikati ya jaruba, na kote mguu ulikuwa mweupe kama wa mpunga.

Meneja akaniita ofisini. Hakuniambia nikae.

"Mzee Macho," alisema bila kunyanyua kichwa, "naona macho yamebaki jina tu."

"Bwana Meneja, watu wangu wamepalilia."

"Wamepalilia nini? Nimepita kwa gari, hata dereva ameniuliza kama siku hizi tunalima nyasi."

"Gugu hili si letu," nikasema. "Letu lina mguu mwekundu. Hili limetoka nje."

Hapo akanyanyua kichwa. "Limeletwa na nani?"

Alitaka jina. Ofisi ina sheria: mkulima akipanda mbegu isiyotoka ghala lao, ananyang'anywa jaruba. Na jaruba lililoharibika kuliko yote lilikuwa lile la mke wangu, ambalo alipokufa walilihamishia kwa mkwe wangu, mke wa mwanangu, kwa kuwa mwajiriwa kama mimi haruhusiwi kuwa na jaruba. Mwanangu yuko mbali kwenye kazi za ujenzi. Huyo mkwe ndiye anayelima, ndiye anayepika, ndiye anayenifulia. Na Mungu ananiona, kila nilipomkuta amesimama kwenye ukingo wa mke wangu, ameshika kiuno kama mwenye mali, kitu kilinichoma moyoni.

"Sisemi kuwa ni mbegu," nikasema. "Ila gugu limezidi kwa mkwe wangu. Na kabla ya kupanda alishusha gunia lisilo na nembo ya ofisi."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

Nilimwona, ndiyo. Gunia lile lilikuwa la pumba za kuku wake, na mimi ndiye niliyelibeba begani kutoka barabarani mpaka mlangoni.

Kesho yake karani alikuja akachomeka kijiti chenye kitambaa cheusi kwenye ukingo wa jaruba la mkwe wangu. Maana yake kila mtu anaijua: mpunga utachomwa moto, jaruba atapewa mwingine. Kilichobaki ni mkaguzi wa mbegu apite, halafu Ijumaa kikao kipige muhuri.

"Baba," mkwe wangu aliniambia jioni akinipakulia, "nani ana roho ya kunifanyia hivi?"

"Wakubwa hao. Hujawajua tu."

"Meneja hanijui hata kwa sura. Kuna mtu amempelekea maneno."

"Kula, mwanangu, chakula kinapoa."

Akanisogezea sahani iliyojaa, yake ikabaki na ukoko, kama afanyavyo siku zote. Tonge likanikwama kooni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema hicho kinachokula, chenyewe kinajisikiaje.

Mkaguzi alifika Jumatano. Nilitarajia mzee mwenye kitambi. Akashuka binti mwembamba mwenye viatu vya mpira na kioo cha kukuzia kinachoning'inia shingoni kwa kamba. Meneja akanipa kazi ya kumtembeza.

"Shikamoo, mzee. Nimeambiwa wewe ndiye unayeyajua magugu ya hapa."

"Marahaba. Nilikuwa nayajua."

Akacheka. Akaingia jarubani bila kukunja uso, akang'oa mpunga na gugu, akavishika pamoja. Kisha akafungua jani la mpunga pale linapokumbatia shina. "Ona hapa. Mpunga una kiulimi, kingozi cheupe. Sasa tazama gugu." Akafungua. Hapakuwa na kitu, palikuwa laini tupu. Miaka yote hiyo nilikuwa natazama miguu. Kinywa sikukichungulia hata siku moja.

"Hilo gugu ni geni," nikawahi kusema. Mdomo ulishazoea uongo.

"Labda. Pale nyuma ya uzio kuna nini?"

Nyuma ya uzio kuna mtaro wa maji machafu. Hakuna anayeupalilia, nani atalipwa kwa kupalilia mtaro? Akaruka uzio, nikamfuata kwa tabu. Mle ndani mguu mwekundu ulikuwa umetapakaa, mashina yamelala huku na huku kama walevi, na miguu yake myekundu hasa.

"Haya ndiyo yetu!" nikasema kwa furaha, kama mtu aliyekutana na jamaa zake safarini.

Akavunja suke la mtaroni na suke la jarubani, akayaweka kwenye kiganja, akanipa kioo. Vipunje vile vile, vinywele vile vile. Akafungua majani: yote mawili hayana kiulimi.

"Ukoo mmoja, mzee. Ndugu wa damu."

Nikakuna kichwa. "Basi limejifunza. Liliona wenzake wanang'olewa, likaficha mguu."

"Gugu halina macho. Wewe ndiye mwenye macho." Akakaa kwenye ukingo, akavua kiatu kumwaga maji. "Nyumbani mna kuku?"

"Mkwe wangu anao."

"Vifaranga wa mama mmoja wanafanana?"

"Wapi! Mmoja mweusi, mwingine ana madoa, mwingine mweupe pee."

"Mwewe akija anambeba yupi?"

"Mweupe. Anaonekana toka mbinguni."

"Akija kila siku, miaka na miaka, na walionusurika ndio wanaotaga, mtabaki na kuku wa rangi gani?"

"Weusi na wa madoa."

"Kuna kuku aliyejifunza kuwa mweusi?"

Kuku aliyezaliwa mweupe alikufa mweupe, hilo nalijua.

"Ndivyo ilivyo hapa," akasema. "Tangu zamani, kati ya miguu myekundu walizaliwa wachache wenye mguu mweupe. Kwa bahati tu, kama madoa ya kuku. Na mtoto hurithi mguu wa mzazi. Mwekundu mnaung'oa kabla haujazaa. Mweupe mnaudhania mpunga, mnauacha, unadondosha mbegu. Msimu ujao weupe wamezidi kidogo. Msimu mwingine kidogo tena. Hakuna siku ambayo ungesema leo limebadilika. Hata ile tabia ya kulala ovyo kama haya ya mtaroni imekwisha jarubani, maana lililolala mlilijua. Mtaroni hakuna anayechagua, wekundu upo mpaka leo. Jaruba hili lenye kitambaa ndilo lililopaliliwa vizuri kuliko mengine?"

"Lilikuwa la marehemu mke wangu. Hapo sikuuachia mguu mwekundu hata mmoja. Nilikuwa narudia mwenyewe jioni baada ya kazi."

"Ndiyo maana hapo umebaki mweupe mtupu."

Nikahisi tope linanivuta. "Na nani alikuwa anasimamia mambo yote hayo?"

"Hakuna."

"Kila kitu kina mkubwa wake, binti."

"Hiki hakina, mzee. Kuna viumbe vinazaa kuliko nafasi iliyopo, watoto hawafanani, na kuna kitu kinachoamua nani abaki. Hapa kilikuwa jicho lako. Kwingine ni ukame, kwingine baridi, kwingine mwewe. Ukiipa kazi hiyo muda mrefu, mrefu kuliko ukoo wa mtu yeyote, ndugu wa damu wanaachana mpaka huwezi kudhani walikuwa nyumba moja."

Kusema haki nilikasirika. Maisha yangu yote kila baya nimelijua mlango wake, nikasimama nje ya mlango huo nikatukana. Sasa naambiwa hili halina mlango, halina meza, halina meneja. Aliyekuwa amesimama ukingoni akionyesha kidole, huyu afe huyu abaki, ni mimi. Na kwa kidole kile kile nimemwonyesha mkwe wangu.

"Kwa hiyo mkwe wangu hana kosa," nikasema.

"Mimi naona hana. Lakini Meneja atasema wa mtaroni ni wa mtaroni, huu mweupe ameuleta yeye. Ningepata magugu ya zamani kutoka jaruba hili hili, kabla mkweo hajaolewa, nikaona mguu mweupe ulikuwemo tayari, basi. Atakayesema ameuleta atakuwa anasema alikuja kabla ya kuja. Kuna kitu chochote kilichobaki? Ezeko la nyasi la zamani, ufagio?"

"Hakuna," nikasema.

Nilijibu haraka mno. Akanitazama, akavaa kiatu chake.

Kilikuwepo. Mke wangu hakuwa mtu wa kutupa kitu. Kila baada ya mavuno alikuwa akikusanya jarubani mwake magugu marefu yaliyobaki yamesimama na mbegu zimeshadondoka, akayachanganya na yale ya palizi aliyoyaanika juu ya bati, akashindilia godoro. "Yamenitesa mchana kutwa," alikuwa akisema, "usiku nayalalia mimi." Godoro lile la kitanda chetu alilishona wakati mwanangu bado hajaota ndevu. Halijafunguliwa tangu hapo. Upande wake bado una bonde la mgongo wake, na mimi nikilala naangalia nisilisambaratishe.

Alhamisi mchana nilirudi nyumbani nikamkuta mkwe wangu anafunga tenga la kuku kwa kamba. Nguo zake zilikuwa zimekunjwa kitandani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mama. Bila jaruba nitakula nini hapa? Siwezi kungoja mpaka nifukuzwe mbele za watu." Akakaza fundo kwa meno. "Jirani nimemwomba awe anakuletea maji, baba. Na dawa yako ya mgongo iko kwenye kopo la chai, usije ukaitia kwenye chai."

Ilikuwa mzaha, na alitaka nicheke. Nilitamani anitukane. Mtu akikutukana unapata pa kushika.

Nikaingia chumbani, nikachukua kisu cha jikoni, nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikaanzia upande wangu. Kitambaa kilipopasuka, vumbi likaruka, na ndani yake harufu ya mafuta yake ya nywele. Nikapasua mpaka upande wake. Bonde la mgongo likaporomoka mbele ya macho yangu, mara moja tu, kama mtu aliyeshusha pumzi.

"Baba!" Mkwe wangu alikuwa mlangoni. "Umerukwa na akili? Godoro la mama!"

"Niletee mkeka. Tunatafuta miguu."

Alidhani nimechanganyikiwa, lakini alileta. Tukayamwaga magugu mkekani, tukakaa chini kama watu wanaochambua mchele. Wekundu ulikuwa umefifia ukawa wa kutu, lakini ulionekana bila shaka: shina baada ya shina, jekundu, jekundu, jekundu. Nikaanza kuogopa. Kisha mkwe wangu akainua moja, akalifuta vumbi kwa kanga.

"Hili mbona halina?"

Mguu mweupe. Na suke kavu lenye vinywele bado lilikuwa limeng'ang'ania juu. Tukatafuta tena. Tukapata lingine, na mengine, yakafika konzi moja ndogo. Walikuwemo, wachache, katikati ya ndugu zao, tangu mkwe wangu akiwa bado anachezea vibuyu kwao. Mke wangu alikuwa amewalalia.

Ijumaa ukumbi wa ofisi ulijaa wakulima. Mkaguzi aliyapanga mashina mezani, la mtaroni, la jarubani, na ya godoroni tuliyompelekea asubuhi, akafungua majani yasiyo na kiulimi mbele ya watu, akaeleza habari ya kuku na mwewe. Wanawake wa palizi walisogea kuona. "Mwekundu?" mmoja akanong'ona nyuma yangu. Safari hii hakuna aliyeitika.

Meneja aligeuza geuza shina. Si mjinga; alielewa. Lakini mkubwa akishachomeka kijiti, kukichomoa ni kama kung'oa jino lake mwenyewe.

"Haya, magugu nimeyaelewa," akasema. "Gunia je? Yupo mtu aliyemwona akishusha gunia lisilo na nembo. Shahidi wa kuaminika. Sheria ya mbegu ni sheria, gugu liwe la babu au la mjukuu."

Mkwe wangu akasimama. "Gunia gani?"

"Unajua mwenyewe."

"Nani amesema?"

Meneja akatazama dari. Ungedhani ananihifadhi, alikuwa anajihifadhi. Mkaguzi akakusanya mashina yake polepole. Kioo chake kilikuwa hakina la kufanya tena hapo. Na mimi kama ningekaa kimya, jaruba lingekwenda, mkwe wangu angekwenda, na mpaka kufa ningekuwa naletewa maji na jirani huku nikilaani wakubwa. Hata maneno ya kuwalaani nilikuwa nayo tayari.

"Gunia lilikuwa la pumba za kuku," nikasema. "Nalijua kwa kuwa nililibeba mimi. Na aliyesema ni mimi."

Sikuthubutu kumtazama mkwe wangu. Nilimsikia akikaa, benchi likalia.

"Mzee," Meneja akasema, "ulinidanganya mimi?"

"Wewe ulitaka jina, bwana. Mimi nikakupa lililokuwa karibu."

Kijiti chenye kitambaa cheusi kilichomolewa siku ile ile. Mimi nikavuliwa unyapara, na hapo Meneja alinyooka kuliko nilivyowahi kumwona: aliyedanganya ni mimi, aliyeadhibiwa ni mimi. Sasa nainama majini na wengine. Wanyapara wapya wanafundisha kutazama kiulimi, na mkaguzi amewaonya wasikae na kanuni moja miaka yote: wabadili mazao, waache jaruba likauke, gugu lisipewe mtihani ule ule kila msimu.

Mkwe wangu hakuondoka. Kuku wako uani. Ananipakulia kama zamani, ila sasa sahani zetu zinalingana, nami nashukuru, maana tonge linapita. "Baba" ananiita bado. Hajaniuliza kwa nini. Nimeandaa majibu mengi na yote yana neno ofisi ndani yake, kwa hiyo ni heri hajauliza.

Juzi nilirudi kutoka majini nikakuta godoro kitandani, limeshindiliwa na kushonwa, uzi mpya juu ya kile kitambaa cha zamani.

"Umelijaza nini?" nikauliza.

"Majani ya mpunga," akasema akiwa jikoni. "Na gugu. Nimechanganya." Akafunika sufuria. "Wewe si ndiye Macho? Ukiyatofautisha, baba, utaniambia."

Nikajilaza upande wangu. Lilikuwa gumu, la usawa, halina bonde la mtu yeyote.